Pikapu Yenye Mkia

Wacha wacheke. Hilo ndilo neno nililojiambia kila asubuhi nilipowasha pikapu ya mama, na mpaka leo sijaona sababu ya kulibadilisha. Niliitengenezea mkia wa fito, magunia na rangi ya geti, nikaiendesha kati ya Mwala na Athi River mbele ya macho ya kila mtu, na nilijua ninachofanya.

Pikapu ilikuwa ya baba. Alipofariki ikabaki kwa mama, na mimi nilipotoka kwa mume wangu nikarudi nyumbani, ndiyo kazi niliyoikuta. Kabla ya hapo nilikuwa nikishona suruali za jinzi kwenye kiwanda kimoja pale EPZ, eneo la viwanda la Athi River, enzi zile ambapo viwanda vya nguo viliajiri wasichana kwa mabasi na kuwaachisha kwa mabasi vilevile. Nilijua wafanyakazi wale wanapenda kula nini na hawana nafasi ya kukitafuta. Basi mama akawa anakusanya embe, nyanya, kunde na kuku wa kienyeji kwa majirani, nami nawapelekea. Mwanamke aliyerudi kwao hana shamba, hana nyumba isipokuwa ya mama yake, na akifungua mdomo kwenye kikao watu hutazama paa. Nikishika usukani ule nilikuwa mtu kamili. Sina maneno ya kulipamba jambo hilo zaidi.

Kisha petroli ikapanda bei, na kabla hatujazoea ikapanda tena. Kaka yetu mkubwa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Machakos, akaitisha kikao nyumbani. Alisema gari linakula mafuta kuliko faida linayoleta, na kwamba mnunuzi ameshapatikana. Wadogo zetu wakatikisa vichwa kukubali. Mama alikuwa akisuka kiondo, akaendelea kusuka. Nikaomba niachiwe gari hadi mvua za Novemba zishike, nikisema nitapunguza mafuta. Kaka akaniuliza nitayapunguza na nini, na dawa? Wote wakacheka, akakubali kwa sababu mvua haikuwa mbali.

Wazo lilinijia nikipepeta mbaazi. Upepo ulikuwa mkali siku hiyo. Ungo ukiuweka wima upepo unausukuma mpaka viganja vinauma, ukiulaza upepo unapita zake. Nikasimama pale na ungo mkononi nikiiwaza barabara ya Mombasa, ile nyika tupu kati ya Makutano ya Kyumvi na Athi River, ambako upepo ulinikabili kila siku na kunilazimisha kukanyaga mafuta hadi mwisho. Nyuma ya kichwa cha gari nilikuwa nimepanga kreti juu ya kreti kama ukuta. Yaani safari zote zile nilibeba ungo wima, na petroli ndiyo iliyoubeba.

Sikuanza vizuri, nakubali. Nilifunga vifuniko vya sufuria kwenye magurudumu ili upepo usizunguke mle ndani, kimoja kikaruka kwenye kona ya Katumani na kupotelea bondeni. Mama alikitafuta jikoni wiki nzima na mimi nikamsaidia kukitafuta. Nikapigilia bati chini ya bampa ya mbele, likashuka karibu na lami, na kweli gari likawa jepesi, ila injini ikachemka kabla ya kufika Machakos kwa sababu nilikuwa nimeiziba pua. Nikalikata bati katikati ili rejeta ipumue, na hapo injini ikatulia.

Lililobaki ni ule ukuta wa kreti. Nilitaka paa linaloanzia juu ya kichwa cha gari, literemke polepole kuelekea nyuma na kuchongoka baada ya ubao wa mwisho, ili upepo ushuke taratibu usiachwe ukivuta gari kwa nyuma. Kazi hiyo sikuiweza peke yangu. Nikaenda kwa akina mama wa kikundi chetu nikaomba mwethya.

Kwetu mwethya ni kazi ya pamoja. Watu wanakuja na majembe, wanachimba matuta yako au kujenga bwawa la mchanga mtoni, wewe unapika, na zamu ya mwingine ikifika nawe unaenda. Ilikuwa haijawahi kuitwa kwa ajili ya gari. Mwenyekiti wa kikundi, mama mmoja mkali asiyependa mzaha, aliniambia waziwazi kwamba gari si shamba. Nikamjibu kwamba matuta tunayachimba ili maji yasiibe udongo wetu, na mimi nina upepo unaoiba petroli yangu. Kisha akauliza nitapika nini.

Walikuja, na wazee miongoni mwao ndio walioniokoa. Walikuwa wamesuka ikumbi, yale maghala ya fito ya kuwekea nafaka, tangu wakiwa wasichana. Waliloweka fito, wakazikunja bila kuzivunja, wakazifunga kwa kamba ya katani. Jioni pikapu ilikuwa imebeba ikumbi lililolazwa ubavu, nene mbele na jembamba nyuma, na sehemu ya mkia ilifunguka juu ili tupakie mizigo. Tukalivika magunia niliyoshona kwa mshono wa kiwandani. Magunia yakawa yanapwaya, na kitambaa kinachopwaya kinapigwa na upepo. Hapo nikafanya kosa ambalo ni la mtu aliyetoka kiwanda cha nguo akaingia jikoni: nilikumbuka wanga unaokaza kola, nikapika sufuria kubwa ya uji mzito wa muhogo, tukayapaka magunia yote. Yalipokauka yakawa magumu kama ngozi ya ngoma. Nilijivuna sana.

Siku ya mnada Mwala niliegesha gari karibu na zizi, nikaenda kuchukua kuku. Niliporudi mbuzi walikuwa wamesimama kwa miguu ya nyuma wakiula mkia. Walikuwa wa mfanyabiashara mmoja Msomali aliyenijua, mtu mpole, naye alikuwa akiwavuta mmoja mmoja kwa masikio. Watu wa mnadani walikuwa wameacha kununua, wanatazama.

"Mama, pole," akaniambia. "Mbuzi yangu imekula gari yako. Hii maneno hata kwa chifu siwezi kueleza."

Nilitaka kulia, nikacheka, halafu nikalia kidogo nikiwa nimeinama chini ya bampa ambapo hakuna aliyeniona. Nikarudi nyumbani na mifupa ya fito. Kaka akasikia habari mjini kabla ya jioni na kutuma salamu kwamba sasa gari limekuwa malisho. Nikashona magunia mengine, nikayakaza kwa kuyavuta kwa kamba mpaka vidole vikachubuka, nikayapaka rangi ya kijani ya geti, mara tatu. Mbuzi hali rangi. Barabarani utingo wakaanza kuliita gari letu Kondoo kwa sababu ya mkia wake mnene, na kila nilipopita Makutano kulikuwa na mtu wa kulia mee. Niliwapigia honi. Mtungi wa petroli niliomimina kila safari, uliokuwa ukiniishia nikiwa njiani kurudi, sasa ulikuwa unanifikisha nyumbani.

Mvua zikashika. Kaka akaja kwa matatu Jumamosi jioni na kulala nyumbani. Nilimweleza kwamba sasa mtungi mmoja unanipeleka Athi River na kunirudisha, naye akasema wanawake tunahesabu kwa matumaini. Basi nikamwambia aje aone. Asubuhi akafyonza tangi kwa mpira mpaka likakauka, akamimina mtungi mmoja kwa mkono wake mwenyewe, akapakia kreti zote na kuongeza magunia mawili ya ndengu ambayo hayakuwa na mnunuzi. Mama alimtazama akiyapakia. Tulikubaliana mbele yake: nikikwama njiani, Jumatatu mnunuzi anakuja.

Safari ile ilikuwa ndefu. Niliendesha kwa mwendo mmoja, bila kukurupuka, na madirisha yamefungwa kwa sababu dirisha wazi linakamata upepo. Kaka alikuwa amevaa koti. Tulipofika Katumani alikuwa analowa jasho na mkono wake ukaenda kwenye dirisha. Nikamwambia hapana. Akasema yeye ni mkubwa wangu. Nikamwambia kwenye usukani hakuna mkubwa. Nilikuwa sijawahi kumjibu hivyo maishani, na nilijisikia vizuri.

Pale Makutano askari wa barabarani alitusimamisha, akalizunguka gari, akauliza hiki ni nini. Kaka akageuza uso kuelekea upande mwingine. Nikasema ni turubai la kuzuia mvua, jambo ambalo lilikuwa kweli pia, nikamfungulia mkia akaona embe. Aligonga fito kwa kidole, akacheka, akaturuhusu.

Tuliuza tukamaliza. Kurudi, mlima wa kutoka Kyumvi ndio ulionitia hofu, kwa sababu hapo mkia haukusaidii kitu, unapanda kwa nguvu ya injini tu. Kaka hakuondoa macho kwenye mshale wa mafuta. Ulishuka, ukashuka, ukasimama juu kidogo ya mstari mwekundu. Tulipopita Machakos nilikuwa nimeuma midomo mpaka inauma. Tukaingia nyumbani injini ikinguruma, na baadhi ya wale akina mama wa mwethya walikuwa wametoka kanisani wamekaa na mama kwenye kibaraza.

Sikuzima gari haraka. Nilitaka wasikie. Kisha nikachukua ule mpira, nikafyonza petroli iliyobaki kwenye jagi la plastiki, na jagi likajaa hadi karibu na mdomo. Nikaliweka chini mbele ya kaka.

Akasema ni mteremko, Athi River iko chini. Mwenyekiti wa kikundi akamuuliza kama na njia ya kurudi pia inateremka. Kaka akajifuta uso, na hapo ndipo alipotoa lililokuwa moyoni.

"Hata kama hii gari ingetembea na maji ya kisima, bado ningeuza," akasema. "Wewe uliolewa ukatoka hapa. Huwezi kurudi ukakalia kiti ya baba."

Nilihisi uso ukiniwaka. Wiki zote zile nilikuwa nikipigana na upepo, na upepo haukuwahi kunitaka nitoke kwetu. Nilikasirika kuliko siku yoyote niliyowahi kuikumbuka, lakini pia nilipumua, kwa sababu sasa neno lilikuwa nje.

"Basi ungesema hivyo kutoka mwanzo," nikamwambia. "Usisingizie petroli."

Mama akaweka kiondo chini. Akasimama, akaliinua jagi, akaenda kwenye gari na kuimimina petroli yote ndani ya tangi, polepole, bila kumwaga. Akakifunga kifuniko. Kisha akamgeukia mwanawe wa kwanza.

"Kesho tunatoka mapema, mimi na yeye," akasema. "Mimi nakaa mbele. Ukitaka kupelekwa duka yako, kuna nafasi huko nyuma na kuku."

Usiku ule mvua ilinyesha sana, na mvua ikinyesha hivyo matatu haziji upande wetu. Asubuhi kaka alisimama uani akiitazama njia, akaitazama tope, mwishowe akaufungua mkia na kupanda bila kuniangalia. Mvua ilitupiga hadi Machakos. Alishuka mbele ya duka lake na manyoya kwenye koti, mkavu kabisa, akaingia ndani bila kusema asante. Nami sikuingoja, nikakanyaga mafuta kidogo tu tukaondoka.