Mavuno ya Kwa Mrombo

Tabitha, fundi cherehani wa Lemara anayeshona sare za shule, hakuwa mtu wa kutajiwa bei ikabaki ilivyo. Muuza nyanya akitaja yake, kwanza Tabitha alicheka, kisha alisikitika, kisha aliuliza kama hizo nyanya zimekuja kwa ndege. Pale sokoni Kwa Mrombo walimjua kama Mama Aika. Aika mwenyewe, binti wa darasa la kwanza aliyeng'oka meno mawili ya mbele, ndiye aliyekuwa silaha yake.

Samaki mkunje angali mbichi, na Tabitha alimkunja wake mapema. Kazi ya Aika sokoni ilikuwa kubeba kikapu kidogo, kubonyeza maparachichi, na muuzaji akigoma kupunguza, kumvuta mama kitenge na kusema kwa sauti ya kusikika, "Mama, twende zetu, huyu anatupiga." Mtoto hakuwa anaigiza. Aliamini kwa moyo wote kwamba watu wamejipanga kumwibia mama yake, na kwamba wa kumwokoa ni yeye.

Jumamosi moja walikwenda kutafuta mkungu wa ndizi, na mkungu huo haukuwa wa kula. Kesho yake ilikuwa sikukuu ya mavuno. Siku hiyo kila msharika huleta alichovuna, kinaombewa, halafu kinapigwa mnada nje ya kanisa, fedha zinaingia kwenye ujenzi. Na mwaka huo Tabitha alikuwa na lake moyoni. Alipendekezwa kuwa mzee wa kanisa, yeye na Mama Anande wa mtaa wa pili, kiti kimoja. Mchungaji naye alikwisha kutangaza kwamba anayeutaka uzee aonyeshe mfano, alete jasho lake, asilete jasho la sokoni.

Jasho la Tabitha lilikuwa kwenye cherehani. Shamba alikuwa nalo kweli, huko Akheri mlimani, urithi wa mumewe, lakini migomba na mibuni ilikwisha kung'olewa, vikajengwa vyumba vya kupangisha, na tangu hapo kinachovunwa ni kodi. Angeweza kuipeleka hiyo kodi kwenye bahasha, na Mungu asingekasirika. Ila bahasha haionekani na watu wa viti vya nyuma. Kwa hiyo kila mwaka alinunua, na kila mwaka alisema, "Ni kidogo tu, kutoka shambani kwetu," akiinamisha kichwa kwa unyenyekevu uliompendeza hata yeye mwenyewe.

Muuza ndizi, Nashipae, alitaja elfu ishirini kwa mkungu mmoja wa mshare, zile ndizi za kupika. Tabitha akacheka, akasikitika. Aika akavuta kitenge. Wakashuka mpaka kumi na nne, wakakwama hapo.

"Ni za Yesu," Aika akamwambia Nashipae, akiona mama anahitaji msaada zaidi.

Nashipae alimtazama mtoto, akamtazama na mama. "Aa, za mavuno! Haya, kumi na mbili, kwa ajili ya huyu mtoto. Nikufungie na majani yake, mama? Wenzako wiki hii wote wanataka na majani, na udongo kidogo kwenye kikonyo."

Tabitha alikubali majani. Udongo aliukataa, maana naye alikuwa na mipaka yake.

Jumapili mkungu ulipendeza kuliko vyote. Baada ya ibada Mzee Philemoni, katibu wa baraza la wazee na mnadishaji wa miaka yote, aliunyanyua juu mbele ya watu. "Jasho la Mama Aika hilo! Moja kwa moja kutoka mlimani! Nani ana elfu kumi na tano?"

Mkono ukanyooshwa, bei ikapanda, ikafika ishirini, ikasimama. Sasa mnada wa kanisa una adabu yake. Kitu chako kikisimama, unapandisha mwenyewe kidogo ili watu wapate moyo. Tabitha, akijua Mama Anande anamtazama, akatoa sauti tamu.

"Ishirini na tano!"

Aika alishtuka. Hakuwa amewahi kumwona mama yake akiongeza bei, tena bila kuombwa. Alidhani mama amechanganyikiwa kwa jua. Akakishika kitenge kwa mikono miwili na kuvuta kwa nguvu zake zote.

"Mama, twende zetu! Huyu babu anatupiga! Si ni ule ule wa jana? Kwa Mrombo tumenunua kumi na mbili!"

Uwanja mzima ukageuka kuwatazama. Tabitha aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio, na kiti cha uzee akakiona kinaondoka mbele ya macho yake. Mama Anande akaangua kicheko. Alicheka mpaka akatoa leso. Nyani haoni kundule, lakini huyu alikuwa karibu kuliona, maana kicheko kilimkatika ghafla akamgeukia mtoto.

"Kumi na mbili? Kwa nani huko? Mbona mimi wamenilipisha kumi na nane?"

Kila mtu akaanza kumuuliza jirani yake. Mzee mmoja alisema boga lake lilimgharimu elfu nne na si kubwa hata kidogo. Mwingine akasema kwa viazi wote tumeibiwa. Mchungaji alikumbuka kuna kitu amesahau ofisini. Ule mkungu ulinadiwa upya, na kwa kuwa sasa bei ya soko ilijulikana, hakuna aliyepita kumi na mbili. Aliyeupata ni Mama Anande, akaondoka ameridhika.

Nyumbani Tabitha alitaka kumgombeza mtoto, lakini hakupata pa kuanzia. Kila alilotaka kusema lilimrudia mwenyewe.

"Ulisahau, mama," Aika alimwambia kwa upole. "Ulikuwa unapandisha."

Alasiri Mzee Philemoni akabisha hodi. Aika akamwamkia, "Shikamoo, babu," Tabitha akamvutia kiti huku akijua jina lake limekatwa.

"Jina lako tumeliacha palepale lilipo," mzee alisema alipokwisha kunywa chai nusu kikombe. "Tulikaa, tukaona tukikata la kwako kwa ajili ya ndizi, itabidi tukate na mengine, na hapo tutabaki na mchungaji peke yake. Na mchungaji mwenyewe hatukumuuliza mahindi yake aliyatoa wapi."

Tabitha alicheka mpaka machozi yakamtoka, mengine ya furaha, mengine ya yale masikio. Mzee hakuondoka. Alizungusha kikombe, akakohoa, akamtazama Aika aliyekuwa akipanga vifungo vya sare mezani kwa rangi zake.

"Mama Aika, mjukuu wangu ana kipaimara mwezi ujao. Mchele, ndizi, vitunguu, vyote bado, na mke wangu sokoni wanamwonea sana. Nilikuwa naomba... Jumamosi utuazime huyu mtoto."

"Mchukueni, mzee wangu," Tabitha alisema. "Ila Jumapili msije naye kanisani."