Tuta Nyuma ya Nyumba

Juzi huko Saboti jirani alikuwa akifunika mabua ya mahindi kwa udongo, na ile harufu ikanirudisha kwetu Naitiri.

Baba alipougua, nilipelekwa kwa nyanya, kule Myanga. Niliporudi, nyumba ilikuwa kimya. Nyuma yake palikuwa na tuta refu la udongo, fimbo imesimikwa upande mmoja. Mama aliichomoa, akaigusa ncha.

“Bado iko na joto,” akajisemea.

Nilianza kufukua kwa mikono, nikilia na kumwita baba. Nikakuta mabua na mavi ya ng’ombe, yakitoa mvuke. Leo najua mbolea huiva hivyo, na fimbo ni ya kupima joto lake.

“Si utaharibu mbolea yangu,” baba akasema nyuma yangu.

Sikugeuka mpaka aliponishika bega. Mkono wake ulikuwa na joto.