Finjani Tisa za Kaka

Kumkalisha kaka yangu mkeka mmoja na baba mkwe kulinigharimu ratili mbili za kahawa na sahani ya halua, ambayo nusu yake niliila mwenyewe. Ilikuwa mwaka wa sabini, Maskati, shule ya wasichana imefunguliwa na binti yangu anaililia. Kaka, aliyetoka Unguja, alitaka aende. Mkwe, mzaliwa wa hapa, hakutaka. Kila mmoja alimkata mwenzake kauli.

Nikaweka sharti: mwenye finjani mkononi ndiye asemaye. Nikasahau kumwambia kaka kwamba hapa usipoitikisa finjani, unaongezewa. Alikunywa tisa, nimezihesabu mara mbili, anahutubia huku jasho linamtoka. Mkwe kwa adabu akamsikiliza mpaka mwisho.

“Itikise, mwanangu! Utakufa na hoja zako!” alicheka, akachukua finjani yake. Kisha akasema taratibu, “Mie kusoma sikuogopi. Naogopa mjukuu wangu akisharudi na vitabu, ataniona mjinga.”

Kaka akaitikisa finjani, akaiweka chini; mkwe akamgeukia.

“Wewe uliyesoma, basi nshauri. Nifanye nini asinione hivyo?”