Sweta ya Kijani na Ng'ombe Aliyegoma

Tulikuwa watano bomani, upande wa Bisil. Mimi, mke mwenzangu tuliyeolewa naye na mzee mmoja, binti yangu mdogo, mkwe wangu, aliyetoka Kitengela anakopasua mawe, na mtoto wake, mjukuu wangu, meno mawili tu. Majina yao yote niko nayo, lakini hayo nayaacha.

Mama ya mtoto, binti yangu mkubwa, tulikuwa tumemzika wiki hiyo. Mimi sikulia. Nilikuwa kama mguu uliokufa ganzi: unaona ni wako, ukiukanyaga husikii.

Shida ilikuwa maziwa. Mtoto alitapika ya paketi, na ng'ombe aliyekuwa akikamuliwa na marehemu alikataa. Ndama akitolewa tu, ng'ombe anayabana maziwa. Sisi tulijua jambo moja: funga miguu zaidi, vuta zaidi. Kila asubuhi hivyo hivyo, kimya, na mtoto anakauka midomo.

Asubuhi moja mkwe akasema, "Mama, wacha nijaribu. Kwetu wanaume tunakamua."

Kwetu Wamaasai hiyo ni kazi ya wanawake, na mkwe hachekwi. Tukaangalia chini. Akachuchumaa. Ng'ombe akageuka, akamvua kofia kwa ulimi, akaanza kuitafuna polepole.

"Shemeji," binti yangu akasema, "huyo si jiwe. Mbembeleze."

"Kofia ameipenda kuliko mimi," mkwe akajibu, akacheka mwenyewe. Basi tukacheka sote. Nilisikia sauti yangu ikicheka kama ya mtu wa boma lingine.

Mke mwenzangu, akipangusa macho, akasema, "Maskini, anauliza yule wa sweta ya kijani ameenda wapi."

 Sweta aliyoivaa akikamua ilikuwa kwenye gunia la nguo za marehemu, tulilolifunga wenyewe tusiione. Siku zote hizo tukivuta kamba, hakuna aliyeiwaza.

Binti akaivaa. Ng'ombe akanusa mkono wa sweta, akanusa tena, miguu ikalegea. Maziwa yakaanza kulia ndani ya kibuyu. Tukayachemsha, mtoto akanywa, hakutapika. Akalala mikononi mwangu. Nikangoja nisikie kitu. Sikusikia, ila alikuwa mzito.

Kama nimekosea mahali, mnaokumbuka mnisahihishe. Binti yangu anasema aliyecheka kwanza ni mimi, wala si mkwe.