Mtawala Aliyehamia Kisimani

Mjomba wangu alikuwa mwongozaji wa wageni katika mji mkongwe, na mtaani walimwita Bwana Karne, kwa sababu hata ukimuuliza soko linafungwa lini alianzia karne ya kumi na tatu. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza watu kwa miguu ndani ya ukuta wa zama za kati: kisima, mnara, lango la wafinyanzi, na mwisho kichochoro cha wasuka kamba. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na mke wake, fundi cherehani, na mkononi alishika mwavuli uliofungwa, mvua iwepo isiwepo, ili walio nyuma wasimpotee.

Goti lake liliharibika taratibu, kama paa linaloanza kuvuja: kwanza unaweka sufuria, kisha unaizoea sufuria. Kazini hakumwambia mtu. Sheria ya ofisi ilikuwa fupi: mwongozaji asiyeweza kupanda mnara anapelekwa dirisha la tiketi. Huko angekaa nyuma ya kioo kutwa nzima akisema “wangapi?” na “asante”. Kwa mtu kama mjomba, hiyo haikuwa kazi bali ububu wenye mshahara.

“Nenda kaseme,” mke wake alimwambia, akimkanda goti kwa maji ya moto. “Mficha maradhi...”

“Methali hiyo naijua.”

“Kama unaijua, imalizie.”

Hakuimalizia. Badala yake aliiteremsha historia.

Alianza na kengele ya hatari, ambayo zamani aliisimulia juu kabisa ya mnara. Akaisimulia mlangoni, na hakuna aliyelalamika. Kisha wakateremka walinzi waliokula ngozi za viatu vyao wakati mji umezingirwa. Mwisho akateremka mtawala mwenyewe. Mtawala huyo alipigwa mshale akiwa kwenye paa la mnara, siku ya mwisho ya vita. Kadiri goti lilivyozidi kukaza, akawa anafia katikati ya ngazi, halafu mlangoni, na katika siku ninazozieleza alikuwa anafia kisimani, upande wenye kivuli, palipokuwa na benchi la mawe. Wageni walilipiga picha benchi hilo kwa huzuni. Mmoja aliliwekea ua. Na mnara mjomba aliuonyesha kwa ncha ya mwavuli: “Mnara, kama mnavyouona, ni mrefu.” Basi wakaendelea na safari.

Ofisi ikapata msimamizi mpya, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, aliyetaka kutembea na kila mwongozaji ajionee mwenyewe. Siku aliyomfuata mjomba, kundini mlikuwa pia na bibi mmoja mwenye mkongojo, aliyevaa viatu vya raba kama mtu aliyekuja kazini. Walipofika kisimani, mjomba akakaa kwenye benchi na kumuua mtawala vizuri tu, kwa mshale wa shingo.

“Samahani, baba,” bibi akasema. “Huyu si alifia juu?”

Mjomba alimtazama. “Juu wapi, mama?”

“Mnarani. Nilikuja hapa na mchumba wangu, na wewe ndiye uliyetutembeza. Ulikuwa na nywele.”

“Utafiti unaendelea,” mjomba akasema.

Msimamizi alikunja mikono tu, na watu wenye sauti ya chini wakikunja mikono unasikia.

“Utafiti uendelee,” bibi akasema, “ila mimi nitapanda. Marehemu mume wangu alisimama pale juu. Nimetoka mbali kwa ajili ya pale juu, sikuja kwa ajili ya benchi.” Akageuka, akaanza kutembea kuelekea mlangoni.

Hapo ndipo ilipobana. Mgeni haruhusiwi kupanda bila mwongozaji. Mjomba angeweza kusema goti linauma, na kesho yake angekuwa nyuma ya kioo. Angeweza kumkataza, na msimamizi angeuliza kwa nini. Akapiga moyo konde, akauegemeza mwavuli ukutani, akaingia.

Ngazi za mnara ule ni nyembamba na zinazunguka, zilijengwa ili adui apande mmoja mmoja akiwa amechoka. Mjomba alizipanda hivyo hivyo, kama adui. Baada ya mzunguko wa kwanza alishika ukuta. Baada ya wa pili alishika vidato kwa mikono. Nyuma yake alikuja bibi na mkongojo wake, kisha kundi, na mwisho kabisa msimamizi, asiyeweza kumpita mtu wala kuona chochote isipokuwa visigino. Lakini aliweza kusikia. Kila kidato mjomba alitoa mguno ambao hauhusiani na karne yoyote.

Juu kulikuwa na upepo na njiwa. Alisimulia kifo cha mtawala mahali pake, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, amesimama kwa mguu mmoja. Alinyoosha mkono kuonyesha uwanda ambapo jeshi lilipiga kambi, akakuta pana kituo cha mafuta. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

“Kilijengwa lini?” aliuliza.

“Kitambo,” msimamizi akajibu.

Kupanda ni nguvu, kushuka ni goti. Muda wa kushuka ulipofika, mjomba aliuangalia mdomo wa ngazi kama mtu anayeangalia kinywa cha mamba, akasema yeye atabaki kidogo. Bibi akasema na yeye atabaki, amechoka. Msimamizi akawatazama wote wawili, kisha akawateremsha wengine mwenyewe. Chini alisimama mbele ya lango la wafinyanzi bila neno, maana alijua sheria zote za mji ule lakini hadithi zake hakuzijua.

“Hapo mlipo, simameni!” sauti ilitoka juu. “Hilo ni lango la wafinyanzi! Msimguse simba wa mawe, amelegea!”

Kundi likainua nyuso. Ikawa hivyo mpaka mwisho: mjomba juu akipaza sauti, wageni chini wakigeuka anapowaambia wageuke, na msimamizi akitembea katikati yao kama mwanafunzi mgeni. Wauza duka walitoka milangoni. Wafanyakazi wenzake wanasema hajawahi kusikika vizuri kiasi kile.

Bibi alikuwa ameegemea ukingo, anachungulia chini.

“Siku ile alinishika mkono hapa hapa,” alisema. “Alinibana kweli. Nikasema huyu ananipenda, tukaoana. Juzi juzi, kabla hajafa, ndio ananiambia alikuwa anaogopa urefu.”

“Pole, mama.”

“Nimekuja kupima kama ana haki.” Akachungulia tena. “Ana haki. Ni juu.” Akachukua mkongojo wake, akashuka kinyumenyume, bila haraka.

Jioni ilipokaribia mke wa mjomba akapanda, amevaa kanga za nyumbani, uzi mwekundu umenasa begani. Katika ndoa yao yote hakuwahi kufika pale.

“Msimamizi wako yuko chini,” alisema, akihema. “Anasema kuanzia Jumatatu uko dirishani.”

“Amesema hivyo?”

“Kwa heshima. Ana machozi, kama utapenda kujua. Amesema sauti yako imefika mpaka sokoni, lakini goti halikufika popote.”

Mjomba aliitikia kwa kichwa. Alikaa chini, mgongo kwenye mawe, mguu mbovu umenyooka mbele yake kama wa mtu mwingine. Baadaye akauliza kama angependa kusikia mtawala alivyokufa.

“Nimelala naye kitanda kimoja miaka yote hii,” mke wake akasema. “Najua alivyokufa. Nionyeshe kwetu.”

Akamwinua. Walitafuta muda mrefu, maana mapaa yote yalifanana, na hilo alikuwa hajalisomea. Mke ndiye aliyeiona nyumba, kwa nguo zilizokuwa kwenye kamba.

“Zimekauka,” alisema. “Tangulia wewe, kaa kitako, nenda kidato kimoja kimoja. Mimi nitakushika kola.”