Sukari ya Mchungaji na Paa la Yeyo

Yeyo, yaani mama yangu, alitaka kubatizwa. Mchungaji Mjerumani wa misheni yetu, huku kwenye miteremko ya magharibi ya Mlima Meru, akaweka sharti: kwanza aibomoe nyumba yake ya msonge, ajenge ya pembe nne. Mkristo, alisema, halali ndani ya mviringo kama kuku kwenye tenga.

Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimerudi kutoka Ujerumani, nilikokwenda kusaidia kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu na, kwa ubishi wangu, nikajipenyeza hadi nikasoma hisabati. Ubatizo wenyewe niliutilia shaka, kama nilivyotilia shaka karibu kila kitu. Lakini yeye aliutaka kwa moyo wote, na sharti lile sikuwahi kulisoma katika Biblia yao. Nikaenda kwa mchungaji.

Nilimkuta anakunywa kahawa. Mezani palikuwa na sukari yao ya kizungu, bonge gumu lililochongoka juu, umbo lile lile la paa letu. Sikuomba ruhusa. Nilishika msumeno mdogo wa kuikatia, nikakata ncha kwa usawa: duara. Nikakata kwa mshazari: duaradufu, njia ambayo dunia yake na yangu inalizungukia jua. Kisha nikakata sambamba na ubavu wa upande wa pili, ukatokea mkunjo wa parabola. Nikamwonyesha taa yake ukutani, yenye kioo kilichobonyea nyuma ya utambi. Mkunjo ni huo huo, nilimwambia. Ndiyo maana mwanga wake hautawanyiki, unanyooka hadi zizini.

"Bwana Mchungaji," nikasema, "profesa wenu alitufundisha umbo hili la msonge muhula mzima. Sanduku hakulitaja."

Alikusanya chenga za sukari kwa kiganja, polepole. Hisabati aliijua, niliona. Akasema watu wanaolala chumba kimoja na mbuzi hawafundishiki usafi. Kama mama yangu anataka ubatizo, ajenge.

Yeyo aliposikia hakubishana. Alijenga. Majirani waliokuja kumsaidia kukandika udongo walinicheka: msomi kaenda kukata sukari, karudi bila hata ya kulamba. Nilinuna. Nilidhani amesalimu amri.

Mchungaji alipokuja kukagua, nyumba ya pembe nne ilikuwa tayari, kuta zimenyooka, mlango wa mbao. Akafungua. Mbuzi wakamtazama. Ng'ambo ya migomba, msonge ulikuwa unafuka moshi kama siku zote.

Akaniuliza kwa Kijerumani maana yake nini. Ningeweza kulainisha, mkalimani ana nafasi hiyo, na ubatizo wa Yeyo ulikuwa unaning'inia kwenye ulimi wangu. Nikamuuliza Yeyo, kwa lugha yetu, nijibu nini.

"Mwambie alisema tusilale na mbuzi," akasema. "Nimewahamisha. Wao pembe nne wamezipenda."

Nikatafsiri neno kwa neno.

Yeyo hakubatizwa msimu ule. Jumapili iliyofuata aliingia kanisani, akayapita mabenchi ya nyuma walikowekwa wasiobatizwa, akaketi mbele kabisa. Mchungaji alimwona, akafungua kitabu cha nyimbo, akaanza kuimba. Yeyo akaimba kwa sauti kumzidi.