Mpishi Aliyekosekana Kitabuni

Kwa miaka thelathini Keziah Ackroyd alipika nyumbani kwa kasisi, kule Yorkshire, Uingereza, huku Bi Honor, binti wa kasisi, akiandika riwaya kwa jina la kiume. Siri ilipofichuka, kijiji kizima kilijitafuta kitabuni. Mwenye kiwanda cha sufu alijikuta humo, akanuna. Keziah naye akasoma juzuu zote tatu, roho juu, akijitafuta. Wapi! Katika kila sura watu walikula, wala hakuna aliyepika.

Jumapili iliyofuata kengele ya mezani ililia, ikalia tena. Bi Honor akaja jikoni mbio.

"Keziah, nyama iko wapi? Wageni wanangoja!"

Keziah alikuwa amekaa, mikono kaikunja, jiko baridi.

"Tulia, bibie. Si kitabuni mwako huwa inajileta mezani yenyewe?"